Maktaba ya chuo kutoka Langoni: nyota tatu, na mbili kati yake ni za mkutubi

Nianze na bei. Kuna makala moja ya kurasa kumi na kitu, imeandikwa kuhusu ukataji wa mikoko hapa hapa Lamu, na ukiikuta kwa njia ya Google unatakiwa ulipe dola thelathini na ushei ndipo uisome. Kwa hela yetu ni kama shilingi elfu nne. Bei hiyo niliiona saa tano za usiku, nimelala chali, simu juu ya uso, na juu ya simu dari ya nyumba yetu: boriti za mikoko zilizopangwa kabla mama hajazaliwa. Nikacheka. Mama akanisikia toka chumba cha pili.

"Wewe, wateka na nani usiku huu?"

"Na boriti, mama."

"Lala. Utapofua mato."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, na nasoma shahada ya pili ya mazingira katika chuo kikuu kimoja cha bara. Tunasoma likizo: Aprili, Agosti na Desemba tunakwenda kukaa darasani, miezi mingine kila mtu kwao na vitabu vyake. Chuo chenyewe sikitaji, maana bado nataka kuhitimu. Ninachopima hapa ni huduma moja tu, ile ya kusoma majarida na vitabu vya kielektroniki vya maktaba ukiwa nje ya chuo. Katika barua ya kuniita ilikuwa na mstari wake: mwanafunzi ataweza kutumia rasilimali za maktaba popote alipo. Nimeitumia mwaka na zaidi sasa, kwa hiyo sisemi ya kusikia.

Hilo "popote" ndilo lililonifanya nijisajili. Kutoka hapa hadi chuoni ni boti hadi Mokowe, basi la alfajiri, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa, ulale, kesho yake uanze safari ya bara. Huendi kuangalia jarida ukarudi kusimamia gwaride la Jumatatu. Maktaba ya karibu nami ni ile ya ndani ya Ngome, pale Mkunguni, jengo lililokuwa gereza hadi 1984. Ni pahali pazuri pa kukaa kimya ukasahihisha madaftari, lakini si pa kutafuta majarida ya sayansi ya mwaka huu.

Sasa jinsi mambo yanavyokwenda, kwa sababu chuoni hakuna aliyetueleza na kutojua huko kulinila wiki tatu. Wachapishaji wa majarida hawamjui mwanafunzi mmoja mmoja. Wanachojua ni anwani za IP za chuo, yaani namba zinazoonyesha mtandao unaotokea. Ukiwa umekaa ndani ya chuo, mashine yako inaonekana kwa anwani ya chuo na mlango unafunguka bila kuulizwa jina. Ukiwa Langoni na bando lako, anwani yako ni ya kampuni ya simu, wewe ni mpita njia tu, na mpita njia huonyeshwa dola. Kwa hiyo chuo kinaweka seva katikati, ile wanayoiita proksi. Programu inayotumiwa na maktaba nyingi kwa kazi hii ni EZproxy, iliyoanza 1999 na ambayo tangu 2008 iko mikononi mwa OCLC, shirika la huduma za maktaba la Marekani. Unajitambulisha kwa chuo, chuo kinakwenda kwa mchapishaji kwa jina lake chenyewe, kinachukua makala, kinakuletea. Ni kama kumtuma dukani mtoto wa jirani ambaye kwao wana daftari la mkopo. Mwenye duka hakujui wewe, anamjua baba wa yule mtoto.

Na ina dalili yake, ambayo ningeomba iandikwe kwa herufi kubwa katika barua ya kila mwanafunzi mpya. Ukishapita kwa proksi, tazama juu kwenye anwani ya ukurasa. Nukta za jina la tovuti ya mchapishaji zimegeuka vistari, na nyuma yake limening'inia jina la chuo chako kama mkia. Ukiuona mkia, umo ndani. Usipouona, uko nje, hata kama ulijisajili, hata kama dakika moja iliyopita ulikuwa ndani. Mimi nilikuwa naingia maktaba vizuri, kisha nafungua Google upande wa pili, natafuta makala, nabonyeza, naambiwa nilipe. Narudi maktaba, naonekana nimo. Narudi Google, dola. Nikadhani chuo hakijalipia majarida. Kumbe kimelipia, ni mimi niliyekuwa natoka kwa mlango wa nyuma kila mara bila kujijua.

Lakini nimeruka mbele. Kabla ya kufika hapo ilibidi niingie mara ya kwanza, na hapa ndipo nyota zilipopotea.

Nambari yangu ya usajili ina mikwaju mitatu. Si mikwaju ya maji ya futari, ni ile alama inayolala ubavu (/). Kisanduku cha kuingilia kilikuwa hakikubali mkwaju. Hakisemi hivyo, kinasema tu "taarifa si sahihi". Mwenzangu mmoja akaniambia weka kistari, mwingine akasema iandike yote pamoja. Nikajaribu, nikajaribu, na nilipofika jaribio la tano akaunti ikafungwa. Kuifungua unahitaji msimbo unaotumwa kwa barua pepe ya chuo. Barua pepe ya chuo inafunguliwa kupitia tovuti ya wanafunzi. Na tovuti ya wanafunzi ilikuwa imenifungia kwa sababu nadaiwa shilingi 1,500 za kitambulisho, pesa ambazo nilikuwa nimeshalipa kwa M-Pesa na ujumbe wake ninao hadi leo. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba, na mwenye nyumba anakudai kodi uliyokwisha kulipa.

Nikapiga simu iliyoandikwa kwenye ukurasa wa msaada. Ililia hadi ikachoka. Nikaandika barua pepe, nikajibiwa siku ya sita, mstari mmoja: tafadhali fika ofisini kwa msaada zaidi. Nifike! Niache darasa la watoto arubaini na tatu, nivuke maji, nilale Mombasa, nipande tena basi, kwa ajili ya mkwaju. Aliyeandika jibu lile hana ubaya na mimi. Hajawahi tu kufikiri kwamba kuna mwanafunzi anayekaa kisiwani.

Aliyeniokoa ni mkutubi. Namba yake nilipewa na mwanafunzi mwenzangu wa Hola, naye alipewa na mwingine, maana haikuandikwa popote. Nilimtumia ujumbe WhatsApp saa nne asubuhi wakati wa mapumziko, nikiwa tayari kupuuzwa. Baada ya dakika kumi ikaja sauti: "Mwalimu, pole sana. Nipigie picha ya skrini, halafu uniambie umepitia wapi." Swali hilo, umepitia wapi, ndilo ambalo ofisi nzima haikuniuliza. Nikampa picha. Akaniambia kila mkwaju niuweke nukta. Akamwandikia mtu wa fedha yeye mwenyewe na kuambatisha ujumbe wangu wa malipo. Kisha akanieleza habari ya mkia. Kabla ya adhana ya alasiri nilikuwa ndani, nimekaa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, na miguu yangu imejaa vumbi la punda waliokuwa wakipitisha mchanga, nasoma bure ile makala ya dola thelathini.

Nyota mbili zake hizo. Zangu mimi kwa mtambo wenyewe ni moja.

Turudi kwenye makala, kwa sababu huduma hupimwa kwa kilichomo. Nilianza kutafuta kwa maneno ya kitabuni, nikapata mengi mno, mengine ya Asia, mengine ya Brazili. Gazi ya Kwale nayo imeandikwa sana, na si ajabu: KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wamefanya utafiti pale miaka mingi, na mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko, tangu 2013. Lamu, ambayo ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, nilikuwa naiona kwa mbali tu, jina katika orodha. Ndipo nikajaribu neno la nyumbani. Nikaandika "boriti".

Yakaja. Makala za Kiingereza tupu, lakini katikati ya kurasa, ndani ya jadweli, maneno yetu ya unene wa miti yamesimama kama yalivyo: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, vigingi, banaa. Kila moja na sentimita zake. Kwamba biashara nzima ya miti hii hupangwa kwa majina ya Kiswahili mimi nilijua tangu utotoni. Kwamba wanasayansi wameyachukua hivyo hivyo bila kuyatafsiri, hilo sikulijua. Tangu siku hiyo natafuta kwa njia mbili, neno la kitabuni kwanza, kisha neno la wakataji. Nimejaribu majina ya aina za mikoko: mkandaa, muia, mchu, mkomafi. Mchu ulinipa makala mbili ambazo jina la Kilatini halikunionyesha. Mwenye kusoma uvuvi au mitishamba au ususi wa mikeka ajaribu vivyo hivyo.

Ami yangu ni mkataji, anakaa Matondoni. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma alikaa nyumbani na shoka lake, akawa anaunda viti vidogo vya kukalia. Ijumaa moja baada ya sala nilimwendea na simu yangu.

"Msalkheri, Ami."

"Msalkheri, mwanangu. Ndoo, keti. Hiyo simu yasemani?"

Nikamsomea jadweli. Pau, kipenyo kuanzia sentimita 4. Boriti, kuanzia sentimita 11.5. Ami akainua mkono wa kulia, akakutanisha gumba na kidole cha kati kama aliyeshika kitu. "Pau ni hii." Akaongeza mkono wa kushoto, vidole vikagusana pande zote mbili. "Boriti ni hii. Huyo wa sentimita alipimia wapi?"

"Mti ukiwa umesimama, Ami, urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini."

Akafikiri. "Mwenye kununua haji kuupima umesimama. Aupima ulipolala ufukweni, tena kwa mkono, na hununua kwa korija." Korija ni ishirini. Nikarudi kwenye makala, nikakuta kweli, hesabu za mauzo zimewekwa kwa makundi ya ishirini ishirini bila kuelezwa kwa nini ishirini. Jambo hilo la Ami sasa limo katika sura ya tatu ya pendekezo langu la utafiti, na msimamizi wangu ameliwekea tiki. Kama mlango wa maktaba ungebaki umefungwa, nisingekuwa na cha kumsomea.

Ubaya mwingine sasa, kwa haraka. Vitabu vya kielektroniki ni shida. Vingi chuo kimenunua ruhusa ya msomaji mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtu wa Kisumu akikifungua wewe unasubiri kana kwamba ni kitabu cha karatasi kilichoazimwa. Kuchapa unaruhusiwa kurasa chache. Kwa simu, kurasa zinakuwa ndogo kama mchele, na ukivuta kuzikuza mstari unatoka nje ya skrini. Nimeacha. Nikihitaji kitabu naomba sura moja kwa mkutubi, akiweza ananitumia.

Kukaa kimya nako kunakutoa. Ukiacha ukurasa bila kuugusa kwa muda, kwetu ni kama saa mbili, proksi inakusahau. Nilikuwa nafungua makala kumi asubuhi ili nizisome jioni, nikirudi zote zimekufa. Dawa yake ni kuhifadhi PDF mara unapoifungua. Na usihifadhi kiungo kwa kunakili anwani iliyo juu ya ukurasa, maana hiyo mara nyingi ni ya siku ile tu. Ndani ya ukurasa wa makala tafuta palipoandikwa kiungo cha kudumu, hicho ndicho cha kuweka. Hili pia ni somo la mkutubi.

Lakini ukihifadhi, hifadhi kwa adabu. Mwenzetu mmoja alipata mtandao mzuri wa hoteli, akapakua makala kama sitini kwa mpigo. Mtambo wa mchapishaji ukadhani ni wizi, ukafunga chuo kizima. Ijumaa hadi Jumatatu hakuna mwanafunzi wala profesa aliyeweza kufungua jarida hata moja la kampuni ile. Jina lake hatukuambiwa, lakini kwenye kundi kuna mtu mmoja aliyenyamaza wiki nzima.

Mtandao wenyewe siulaumu kwa chuo. Nyumba zetu za mawe zina kuta za matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mkono hadi kiwiko, na vyumba vyembamba kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti, mita mbili na nusu, tatu zikizidi. Baridi yake tamu, mawasiliano hakuna. Chumbani kwangu simu hushika kwenye kitanda tu, upande wa dirisha. Dakani nafuu. Paani chini ya makuti ndipo hasa, na wakati mzuri ni baada ya sala ya alfajiri, kabla mji haujaamka na kila mtu kuanza kutazama video. Makala ya kawaida si nzito, haimalizi bando. Kinachomaliza bando ni ule ukurasa wa kwanza wa maktaba wenye picha za jengo zinazopita zenyewe: jengo, wanafunzi wanatabasamu, jengo tena. Sisi tunaolipia kila picha tunalijua jengo hilo vizuri sana sasa.

Kipo kitu kimoja ambacho sikukitarajia na nimekipenda. Katika mipangilio ya Google Scholar kuna sehemu ya viungo vya maktaba. Ukiandika jina la chuo chako hapo, kama kimejisajili, kila makala iliyo ndani ya maktaba yako inatokea na kiungo pembeni kinachokupitisha kwa proksi moja kwa moja. Yaani ile tabia yangu mbaya ya kukimbilia Google imehalalishwa. Chuo chetu kilikuwa kimejisajili siku nyingi. Hakuna aliyesema.

Na siku proksi ikilala, ambayo kwetu hutokea mwisho wa muhula wakati kila mtu anaihitaji, sikai bure. Jarida la sayansi ya bahari ya Hindi magharibi, linalotolewa na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari hiyo, kutoka Zanzibar, liko wazi kwa kila mtu, na mikoko imo tele. Kuna tovuti pia: AJOL wana majarida ya Afrika, mengi yakiwa hayalipishwi. DOAJ wanaorodhesha majarida ya wazi tu, hakuna mtego wa dola. JSTOR nao, ukijiandikisha kwa barua pepe yako ya kawaida, wanakuacha usome makala hadi 100 kwa mwezi hapo hapo kwenye skrini, ingawa kupakua hupakui. Nusu ya marejeo yangu yametoka huko. Ningelijua mapema nisingelia kwa ajili ya mkwaju.

Je, ningemshauri mwalimu mwingine wa kisiwani ajisajili akitegemea huduma hii? Ndiyo, lakini aingie na masharti yangu. Atafute namba ya mkutubi siku ile ile anapolipa karo, akiwa bado amesimama chuoni. Afungue akaunti zote akiwa pale, aingie mbele ya mtu, atoke, aingie tena kwa bando lake mwenyewe na Wi-Fi ya chuo ikiwa imezimwa. Hapo ndipo atajua kama mlango unafunguka kwa mtu wa nje. Na chuo, kama kuna anayesoma hapa kutoka ofisi ile: wekeni sentensi moja chini ya kisanduku, "badala ya mkwaju weka nukta". Haina gharama.

Wiki iliyopita Ami alikuja mjini kununua misumari, akapitia kwetu. Akataka lile jadweli kwa karatasi, asimamishe pale wanapouzia, vijana waache kubishana kuhusu mazio na boriti. Tukaenda pamoja saiba ya Usita wa Mui. Ukurasa ulipotoka akaushika mbali na uso, akausoma mdomo ukichezacheza, akaomba kalamu kwa kijana wa saiba na kuandika pembeni: korija 1 = 20.

"Hii ndiyo ya dola?"

"Hapa ni shilingi kumi, Ami."

"Basi nitolee mbili."